Sosi ya nyanya imekataa: tafuta kosa kabla hujaongeza kitu

Sosi ya nyanya ikiharibika, mkono hukimbilia kabatini. Ikiwa chachu, sukari. Ikiwa majimaji, unga. Ikipauka, nyanya ya kopo. Mara nyingi dawa haimo kabatini hata kidogo. Viungo vya sosi hii ni vichache mno, kwa hiyo karibu kila kasoro hutokana na maji yaliyobaki, moto uliotumika, au zamu ambayo kila kitu kiliingia sufuriani. Ukijua ni kipi kati ya hivyo, nusu ya kazi imekwisha.

Nachukulia unapika hivi: kilo 1 ya nyanya zilizoiva, kitunguu maji kimoja cha wastani, punje 2 za kitunguu saumu, vijiko 3 vikubwa vya mafuta na kijiko 1 cha chai cha chumvi. Kitunguu kinakaangwa kwanza, saumu inafuata, kisha nyanya. Katika sufuria pana isiyofunikwa, dakika 30 hadi 45 huishusha sosi hadi karibu nusu lita, ambayo inatosha mlo wa watu wanne.

Sosi ni maji matupu

Hili ndilo lalamiko la kwanza na lina vyanzo viwili vinavyofanana kwa macho tu.

Chanzo cha kawaida ni kwamba sosi haijapikwa ikaisha. Asilimia 94 hivi ya uzito wa nyanya mbichi ni maji, na sehemu kubwa ya upishi wa sosi ni kuyafukuza. Mvuke hutokea juu ya uso wa sosi, kwa hiyo sufuria nyembamba na ndefu itakuchelewesha hata ukiongeza moto; kikaango kipana kitafanya kazi hiyohiyo kwa nusu ya muda. Mfuniko ni kosa jingine: mvuke unagonga juu, unageuka matone, unarudi ulikotoka. Moto nao usiwe wa woga. Sosi inatakiwa itokote kote, si kipovu kimoja kimoja katikati.

Usipime kwa saa. Pitisha mwiko chini ya sufuria uchore njia. Njia ikifungwa papo hapo, bado. Ikikaa wazi sekunde mbili tatu ukaona kitako cha sufuria ndipo ikajifunga, epua.

Aina ya nyanya pia inahesabu. Zile ndefu, zenye umbo la yai, zina nyama nyingi na mbegu chache. Zile kubwa za duara zinazopendeza kwenye saladi zina vyumba vingi vya mbegu na majimaji, na huhitaji muda mrefu zaidi. Wengi hushauriwa wakamue mbegu wakatupe. Mimi sikubaliani na kutupa: yale majimaji mazito yanayozunguka mbegu yana glutamati nyingi kuliko nyama ya nyanya, na glutamati ndiyo inayoipa sosi ule utamu wa mchuzi wa nyama. Kamulia kwenye chujio juu ya bakuli, tupa mbegu, rudisha majimaji sufuriani.

Chanzo cha pili ni kigumu kukitambua. Sosi inaonekana nzito ikiwa jikoni, lakini ukiipakua sahanini, pete ya maji mekundu inatambaa pembeni. Hapa tatizo si wingi wa maji bali ni maji yasiyo na wa kuyashika. Kinachoyashika ndani ya nyanya ni pektini. Ukikata au kuponda nyanya, unafungulia vimeng'enya vilivyokuwa vimetengwa ndani yake, navyo huanza mara moja kuikatakata pektini. Kadiri nyanya zilizokatwa zinavyokaa mezani, au zinavyopata moto polepole, ndivyo pektini inavyopungua. Joto la zaidi ya nyuzi 80 za sentigredi huvizima vimeng'enya hivyo. Viwanda vya nyanya ya kopo vinalijua hili vizuri: vikitaka bidhaa nzito, hupasha nyanya kwa kasi zinapopondwa tu.

Nyumbani unaweza kuiga. Usikate kilo nzima ukaiacha kwenye bakuli huku unamenya vitunguu. Kata nyanya tatu nne, zitie kwenye sufuria iliyokwisha kushika moto, ziponde kwa mwiko, na zikishaanza kuchemka endelea kukatia zilizobaki humohumo, kidogo kidogo, chemko lisikatike.

Kama limeshatokea, pika zaidi kidogo, kisha changanya sosi na chakula chenyewe juu ya moto kwa dakika moja badala ya kuimwagia sahanini. Kama ni tambi, ongeza vijiko viwili vya maji yaliyochemshia tambi. Wanga uliomo utayashika maji yaliyokuwa yakitoroka. Unga wa wanga wa mahindi nao hufanya sosi iwe nzito, ila unazima ladha na kuacha mng'ao wa gundi. Ninauvumilia siku ambayo watu wameshakaa mezani na hakuna dakika kumi za kungoja. Afadhali kijiko kimoja kikubwa cha nyanya ya kopo iliyokolea, ukikaange kwanza kwenye mafuta kidogo dakika moja au mbili ili ile ladha ya kopo itoke.

Inachachua

Kabla ya kitu chochote, weka chumvi kidogo kwenye kijiko cha sosi, koroga, onja. Sosi nyingi zinazodaiwa kuwa chachu hazijakolea chumvi tu. Chumvi hutuliza uchachu mdomoni na kuutoa mbele utamu wa nyanya yenyewe.

Ikiwa bado inachachua, ujue jambo moja: kuichemsha zaidi hakutaondoa asidi. Maji yanaondoka na mvuke, asidi ya sitriki inabaki na kukolea. Sukari ya nyanya nayo inakolea, na ndiyo maana nyanya zilizoiva barabara hutoa sosi tamu hata ikipikwa sana. Lakini ukianza na nyanya zenye mabega ya kijani, zenye asidi nyingi na sukari kidogo, saa nzima ya moto itakupa uchachu mzito badala ya uchachu mwepesi.

Dawa ninazipanga kwa zamu hii. Kwanza mafuta: kijiko cha siagi au cha mafuta mazuri mwishoni, sosi ikiwa imeepuliwa, hulainisha makali bila kubadili ladha. Isipotosha, soda ya kuokea, ule unga mweupe wa kuumulia keki (si hamira). Chukua ya kwenye ncha ya kisu, tia, koroga. Povu litapanda kwa sababu soda inakutana na asidi na kutoa gesi, kwa hiyo sufuria isiwe imejaa hadi ukingoni. Povu likituama, onja kabla ya kuongeza. Robo kijiko cha chai kwa lita 1 ya sosi ndiyo mwisho; ukipita hapo utaanza kusikia sabuni, na sabuni haina dawa. Soda pia ina chumvichumvi yake, kwa hiyo chumvi ya mwisho isubiri.

Sukari naiweka mwisho kwa makusudi. Haiondoi asidi, inaifunika. Nusu kijiko cha chai kwa kilo ya nyanya hakina ubaya, lakini ikihitaji vijiko viwili, tatizo lilikuwa nyanya. Safari ijayo ziache ziive juu ya meza siku chache, zisirundikane, nje ya friji. Chini ya nyuzi 12 hivi nyanya haziivi sawasawa na harufu yake hufifia, jambo ambalo pia hueleza kwa nini sosi ya nyanya zilizolala kwenye friji huwa haina mvuto hata kama rangi ni nzuri.

Karoti ndogo iliyokwaruzwa na kukaangwa pamoja na kitunguu ni kinga nzuri kwa nyanya unazozishuku. Iwekwe mwanzoni. Ukiitia baadaye, itabaki mbichi, na sababu yake utaiona kwenye habari ya kitunguu.

Ikiwa ni kinyume, yaani tamu mno kama ya chupa, matone ya ndimu au siki yatairudisha.

Kuna uchungu

Wengi huchanganya uchungu na uchachu, wakatia sukari mahali pasipo pake. Uchachu hukujia mara tu unapoonja, mate yakatoka. Uchungu huja nyuma, baada ya kumeza, na hukaa.

Mshukiwa wa kwanza ni kitunguu saumu. Kilichokatwa vipande vyembamba kwenye mafuta ya moto hugeuka dhahabu ndani ya dakika moja, na kutoka dhahabu hadi kahawia ni sekunde. Kikishakuwa kahawia iliyokolea, uchungu wake huenea kwenye sosi nzima. Hapa sina njia ya mkato ya kukupa. Kama nyanya hazijaingia, mwaga mafuta hayo, futa sufuria, anza upya. Umepoteza punje mbili na vijiko vitatu vya mafuta. Kama nyanya zimeshaingia, siagi na sukari kidogo vitapunguza, havitaondoa. Kinga ni kutia saumu baada ya kitunguu maji kulainika, kuikoroga nusu dakika hadi inukie, na kumwagia nyanya papo hapo. Unyevu wa nyanya ndio unaozuia isiendelee kuungua. Viungo vya unga vinahitaji uangalifu huohuo.

Mshukiwa wa pili ni blenda. Ikisaga kwa kasi muda mrefu huvunja mbegu, na mbegu zilizovunjika zina uchungu wake. Mafuta ya zeituni yasiyosafishwa nayo hupata uchungu yakipigwa sana na blenda. Saga kwa vipindi vifupi, mafuta yaingie kwa mkono.

Majani makavu ya kunukia yakizidi, au yakichemka tangu mwanzo hadi mwisho, huacha uchungu mwepesi wa dawa. Robo saa ya mwisho inawatosha. Majani mabichi kama rehani yaingie ukishaepua.

Imeshika chini, au inarusha matone ukutani

Ukisikia harufu ya kuungua, usikoroge. Usikwangue. Mwiko ukigusa ule ukoko, umeusambaza. Epua, mimina sosi kwenye sufuria nyingine kwa kuiinamisha tu, iache ile inayong'ang'ania, kisha onja. Mara nyingi iliyo juu ni salama kabisa. Ikiwa moshi umeshaingia ndani yake, hakuna kiungo kitakachoutoa, na sufuria nzima ya sosi yenye harufu ya moshi haifai kulazimishwa.

Sosi ikiwa nyepesi huzunguka yenyewe, ya chini ikipanda na ya juu kushuka. Ikizidi kuwa nzito mzunguko huo unakufa, na tabaka la chini linabaki palepale likipigwa na moto. Kwa hiyo moto uliofaa dakika ya 10 si uliofaa dakika ya 30: upunguze kadiri sosi inavyokuwa nzito, na ukoroge hadi kwenye pembe za kitako kwa mwiko wenye ncha bapa.

Matone yanayoruka yana sababu hiyohiyo. Mvuke unanaswa chini ya sosi nzito, unajikusanya, unalipuka kama tope la chemchemi ya moto. Punguza moto, na uegeshe mfuniko ukiacha upande mmoja wazi.

Kitunguu kinalia chini ya meno

Umepika saa nzima na kitunguu bado kigumu? Ukiongeza saa nyingine kitabadilika kidogo sana. Asidi ya nyanya huimarisha pektini inayoshikilia kuta za kitunguu, na kikishaingia kwenye nyanya kikiwa kigumu, ugumu huo hukaa. Ndiyo maana kitunguu kinakaangwa kwa moto mdogo dakika 8 hadi 10, na chumvi kidogo, hadi kivunjike ukikibonyeza kwa mwiko, kabla nyanya hazijaonekana karibu na jiko. Karoti na maharage vina tabia hiyohiyo. Maharage yachemshwe yaive kabisa ndipo yakutane na sosi.

Limeshatokea? Saga sosi yote. Watoto wasiopenda vipande watakushukuru.

Jambo linalofanana na hili: nyanya za kopo zilizokatwa vipande vya pembe nne ambazo hazivunjiki hata zikipikwa jioni nzima. Soma lebo, huenda ukakuta kalsiamu kloridi. Huwekwa ili vipande vibaki na umbo lake, kazi nzuri kwa saladi na mbaya kwa sosi. Nunua za kopo zilizo nzima, uziponde kwa mkono.

Ladha ya chuma

Angalia sufuria uliyotumia. Alumini tupu na chuma cha kusubu kisicho na mipako huingiliana na asidi ya nyanya. Ndani ya sufuria ya alumini iliyokuwa imefifia utaona pameng'aa baada ya kupikia nyanya, na mng'ao huo ni kwamba tabaka la juu limeondoka likaingia kwenye chakula. Kupika nusu saa mara moja moja si balaa. Kosa kubwa ni kuiacha sosi ilale humo. Ukiwa na sufuria ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli isiyobanduka, ndiyo ya nyanya. Nyanya za kopo zilizobaki nazo zihamishie kwenye chombo cha kioo au plastiki, zisirudi kwenye friji zikiwa koponi.

Chumvi imezidi

Hesabu yake ni rahisi: ukikoleza chumvi wakati sosi ni lita 1, kisha ukaishusha hadi nusu lita, chumvi imekuwa maradufu. Tia kidogo mwanzoni kwa ajili ya kitunguu, iliyobaki mwishoni.

Habari ya kutumbukiza kiazi ili kinyonye chumvi imeenea sana. Kiazi hunyonya sosi, yaani maji pamoja na chumvi yake, na sosi inayobaki ina ukali uleule. Ongeza nyanya zisizo na chumvi upike upya dakika 15, au acha hivyo na upike tambi au wali bila chumvi.

Rangi si yake

Sosi ya waridi, yenye povu, ni ya nyanya zilizosagwa mbichi kwenye blenda: hewa imeingia. Itaondoka yenyewe ikichemka, au engua povu kwa kijiko. Sosi ya kahawia imepikwa kwa moto mkali kupita kiasi. Sosi iliyopauka kama chungwa ni ya nyanya ambazo hazijaiva. Rangi nyekundu ya nyanya, laikopini, huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo sosi isiyo na mafuta huonekana imefifia hata kama nyanya ni nzuri.

Ukiona vipande vya saumu vimegeuka kijani au buluu, usishtuke. Ni asidi ikikutana na kemikali za saumu zenye salfa. Kula.

Mafuta yanayoelea juu si kasoro. Ni ishara kwamba maji yamekwisha na sosi imeiva. Yakikukera, yateke kwa kijiko na uyatunze, maana yana ladha nzuri ya kukaangia mayai.

Maganda na krimu

Maganda yaliyojikunja kama vijiti hutolewa kwa kupitisha sosi kwenye chujio. Kuyazuia, chora msalaba chini ya kila nyanya, itumbukize kwenye maji yanayochemka nusu dakika hadi dakika moja, kisha kwenye maji baridi, ganda litavulika. Mvivu mwenzangu akate nyanya katikati na kuikwaruza upande wa nyama. Ganda litabaki mkononi.

Krimu au maziwa hukatika kwa sababu asidi na joto hugandisha protini yake. Punguza moto, chota vijiko viwili vya sosi uvichanganye kwanza na krimu pembeni, kisha mimina yote, na isichemke tena. Krimu yenye mafuta mengi huvumilia kuliko maziwa mepesi. Iliyokatika si sumu. Ipige kwa blenda italainika.

Imeharibika ikiwa imehifadhiwa

Sosi isikae nje zaidi ya saa 2. Imwage kwenye chombo kipana ipoe haraka, kisha friji, ambako itadumu siku 3 hadi 4. Ikitoa vipovu yenyewe, ikifukuta ukifungua, au ikiwa na ukungu hata doa moja, mwaga yote. Kwenye chakula chenye majimaji, ukungu huenda chini kuliko unavyoonekana, na kuondoa doa la juu hakusaidii.

Kuifungia kwenye chupa za kioo na kuziweka kabatini ni jambo jingine kabisa, na kwa sosi hii nasema hapana. Bakteria wa Clostridium botulinum, anayetengeneza sumu ya hatari, hawezi kukua pale pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imezidi) ikiwa 4.6 au chini yake, lakini nyanya nyingi ziko karibu sana na mpaka huo, na kitunguu na saumu huisogeza juu. Sumu yake haina lazima itoe harufu wala kubadili ladha, kwa hiyo kuonja si kipimo. Chupa ya namna hiyo ikivimba mfuniko, itupwe bila kuonjwa.

Tumia friza. Chombo cha kioo kiachiwe nafasi ya sentimita 2 au 3 juu, sosi hutanuka ikiganda. Ladha hukaa vizuri miezi 3 hadi 4. Ikiyeyuka itaonekana imerudi kuwa maji, kwa kuwa barafu imepasua kilichokuwa kikiyashika. Ibandike kwenye kikaango kipana, ichemke bila mfuniko dakika 5, na majani mabichi yaingie wakati huo, si kabla ya kugandishwa.